Kikopo

Daktari wa wilaya aliuliza kwenye simu:
"Ni mfungwa au mahabusu?"
Nikamjibu: ni mtu anayekohoa.

Chilumba Nantanga. Gunia tatu za korosho.
Kesi imeahirishwa mara kumi na moja,
ila kifua hakijui kuahirisha.

Ukutani pameandikwa kwa rangi ya mafuta: WATU 24.
Jana usiku nilihesabu miguu, nikagawa kwa mbili,
hamsini na mmoja,
ubavu kwa ubavu; anayetaka kugeuka
huomba, wakageuka wote.

Afande Nambole akasema, "Nesi, hapa si hoteli."
Najua, afande.
Hotelini mtu hujifungia mlango mwenyewe.
Hapa aliyeshika ufunguo
ameshika na pumzi za waliomo,
na sheria itamdai zote mbili.

Chilumba alitema, akafunika kikopo,
akakipangusa kwa shati lake,
akanikabidhi kwa mikono miwili
kama mgeni aliyeleta zawadi
akaona haya kwa udogo wake.

Dawa zilipatikana. Ugomvi ulikuwa dirisha,
mbao tano zilizopigiliwa tangu mwaka ule
mmoja alipotoroka.
Wiki ya pili nikaja na nyundo ya mume wangu.
Afande aliitazama sana,
akaichukua, akang'oa mbao mbili, kimya.

Baridi ya Newala ikaingia bila kibali,
Julai yote, na harufu ya maua ya mikorosho.
Mtu akacheka gizani:
"Chilumba, ushahidi huo umekufuata!"

Mbao tatu bado zipo.
Nyundo sijairudisha nyumbani.