Fremu Tisini na Mbili

Ndaki Lushinge aliingia kwenye kibanda changu, Makoroboi,
na laki tatu na nusu ndani ya soksi,
miezi saba ya kuchuna minofu ya sangara
katika kiwanda ambacho baridi yake humfuata hadi kitandani.
Salamu aliisahau.
"Nataka bodi mama ile," kidole juu ya kioo,
"yenye chipseti ya wakubwa.
Gemu yangu inakwama, dada Nyanzobe.
Mpira ukifika boksi mchezaji anaganda,
na watoto wa Kirumba wananicheka kwa Kisukuma."

Nilikuwa nadaiwa pango.
Bodi ile imelala pale tangu masika,
naifuta vumbi kama picha ya marehemu.
Ningesema ndiyo tu. Ulimi hauna mfupa.

Nikamvutia stuli.
Chipseti, Ndaki, ni mwalo.
Mwalo haujawahi kuvua dagaa hata mmoja.
Unapokea, unapanga nani atie nanga wapi:
diski huku, kipanya kule, waya wa mtandao pembeni.
Anayevua ni prosesa.
Anayepaka nyasi za uwanja kijani ni kadi ya picha,
na hao wawili wana njia yao ya panya,
hawapigi hodi mwaloni.

"Na mwalo ukiwa mbovu?"

Swali la haki. Mbovu utakuchelewesha
ukiwa na shehena ya diski,
au ukitaka kumkamua prosesa kuliko alivyoapa.
Wako ni wa mtumba, hakamuliki.

Macho yake hayakutoka kiooni.
Basi nikafanya asilofanya fundi mwenye deni:
nikaitoa bodi ya wakubwa kwenye nailoni yake.
Prosesa ileile, kadi ileile, feni yangu ya mezani,
uwanja uleule, mvua ileile ya uongo.
Bodi yake kuukuu: fremu tisini na moja.
Ya laki tatu na nusu: tisini na mbili.

Akahesabu kwa vidole, kana kwamba vingetosha.
"Mbona nyumbani inanipa thelathini?"

Nikaichukua feni yake, nikaigonga juu ya gazeti.
Wakamwagika.
Wadudu wa ziwa, wale wanaoinuka juu ya maji
kama moshi mwezi ukiandama,
wakavu, wepesi, kiganja kizima,
mabawa yamesokotana katikati ya mapezi ya shaba.
Unacheza usiku, dirisha wazi, taa umezima,
kioo chako peke yake kinawaka mtaa mzima.
Walikuja kutazama mechi.
Prosesa ikachemka, ikapunguza mwendo isife.

Nilimtoza elfu tano, na brashi nikampa.
Bodi ikarudi chini ya kioo.

Mlangoni alisimama, soksi bado imevimba.
"Dada, na kama ile fremu moja
ndiyo yenye goli?"