Safu Mpya

Changamwe, saa nane usiku; feni imegoma,
nje malori ya Kipevu yanguruma.
Mishi ailisha mashine habari za kisima
cha mbali, ambacho hajakiona:
mgandamizo, joto, maji yaliyochanganyika na mafuta,
na siku moja pampu ilizimwa, sababu haikuandikwa.

Mashine yatabiri: kesho, mapipa mia mbili na tisa.
Kesho ikaja na mia mbili na saba.
Mhandisi Mwarandu acheka: "Jini lako limesoma!"

Mishi hacheki. Mapipa mawili yamkera
kama mwiba wa tasi kooni.
Apiga simu kisimani. Mlinzi akumbuka:
"Siku hiyo? Tulikuwa tukimzika Lokwawi."

Aongeza safu, aiita msiba.

Mashine yaomba namba.