Kitovu

Tulianza saa nne usiku, boda za Nyendo zilipolala.
Maikrofoni mbili juu ya stuli ya sakristia,
waya ukipita chini ya mabenchi
kama siafu wanaojua waendako.

Mimi ni mtu wa Bombo. Isha niliiswali nje,
kati ya tangi la maji na kaburi la padre Mfaransa,
kisha nikaingia, nikavua viatu kwa mazoea,
na hakuna aliyeniambia nivae.

Kazi yenyewe: nyimbo mbili katika santuri moja.
Wa kwanza wa Kilatini, umri wake miaka mia nne;
mtunzi hakuacha jina, aliacha nota
zilizopandana kama matofali ya ukuta huu.
Wa pili una miezi saba.
Nakibuule aliutunga zamu ya usiku, wodi ya wazazi,
nyuma ya chati ya joto la mwili,
na ukiinua karatasi kwenye taa
nota ya pili ya besi inakaa juu ya 38.4.

Nikamuuliza Sista Fulugensia: kati yao niache sekunde ngapi?
Nne, akasema.
Sita, akasema Nakibuule, mtu ashushe pumzi.
Matiya Lubwama, besi, akasema: weka wiki.

Alikuwa na ugomvi wake, Lubwama.
Kilatini alifundishwa kwa fimbo, mwaka wa hamsini na nane,
maana hajui hadi leo, na hataki kuambiwa:
"Ukijua bei ya chumvi, mchuzi haubadiliki."
Ule mpya aliuita kelele za zahanati.
Angeimba wa kwanza tu, kisha akae benchi la nyuma
na tangawizi yake shavuni.

Mara ya kwanza, kwarara akapita juu ya paa akitukana.
Mara ya pili, mvua.
Mara ya tatu tulisimama kwa sababu ya chafya,
na mwenye chafya hakujitaja.
Mara ya nne, saa saba na robo,
ukuta ukakubali.

Kwenye hedifoni nilisikia ndimi zikigusa meno,
sketi ya mtu, mate yakimezwa,
halafu sauti zikafunga, nisijue tena nani ni nani.
Mwisho ukafika. Mkono wa Sista ukafumba,
wote wakaachia.

Lubwama hakuachia.
Nota ile ya chini aliishika kama mtu mwenye gunia begani
ambaye hajaonyeshwa pa kulitua.
Sekunde ya nne. Ya sita.
Mkono wa Sista hewani, haujui uende wapi.
Ndipo Nakibuule, upesi, kama anayedaka mtoto,
akaingia na Kiganda chake juu ya nota ile ile,
na wengine wakamfuata wakikimbia.

Yeye hakutamka neno lao hata moja.
Alibaki kule chini, mmm, hadi tamati,
akiiba pumzi pale wenzake walipopaza.

Sasa niko Bombo, mawimbi yamelala mbele yangu kwenye kioo.
Ofisi ya Kampala inataka mafaili mawili, majina mawili.
Nimevuta, nimekuza, nimetafuta uwazi
hata wa upana wa unywele.
Nikampigia Lubwama: kwa nini?
"Nilisahau kuacha," akasema, akakata simu.
Nikampigia Nakibuule: nikate wapi?
Nyuma yake mtu analia kwa mara ya kwanza duniani.
"Sisi," akasema, "kitovu hatukikati
mpaka kiache kupiga."

Nimeweka sikio tena. Kinapiga.

Kwenye jedwali nimeandika:
Namba moja. Dakika kumi na moja, sekunde nne.
Mtunzi: hajulikani, na Nakibuule.
Mahali pa jina la aliyeunganisha hapakuwepo.
Nimechora mstari kwa rula, nikalitia.