Bilauri na Barua

Aliingia na shuka.
Tulianua nguo kabla hazijakauka, mwisho wa Septemba,
Zarasai ikinukia moshi wa majani,
na kwenye mkunjo wa shuka la marehemu
akachomoka nyuki mmoja,
akaenda moja kwa moja dirishani
kugombana na kioo.

Vuuu, ta. Vuuu, ta.
Anauona mtufaha. Anaiona njia.
Kila anachokitaka kiko pale, shibiri moja tu,
ila hewa imekuwa ngumu.
Hali hiyo naijua.

Nikavua ndara.

"Mkono," akasema mama mkwe.
Neno la kwanza tangu Jumanne.
Akanidaka kifundo, vidole vikavu
kama maganda ya vitunguu.
"Huyo hauawi. Zima taa."

Nikazima. Akashusha pazia la upande wa barabarani,
ukabaki mwanga wa dirisha moja,
na nyuki akaacha kujigonga,
akawa anapanda kioo kwa miguu,
mzee anayetafuta funguo zake.

Kwetu ng'ombe ana neno lake la kufa,
mbwa ana lake.
Nyuki hufariki, kama mtu.
Usiku alipofariki Algis
Apolonija alitoka na kurunzi
akagonga mizinga yote saba, mmoja mmoja,
akawaambia nyuki kuwa bwana wao hayupo.
Mimi, mkewe, niliambiwa na hospitali
kwa simu.

"Bilauri. Ile ya mdomo mpana."
Nikampa.
"Sasa kitu kigumu cha kuziba."
Gazeti lilipinda. Kadi za posta hatuna,
hatuandikiwi na mtu.
Mezani palikuwa na barua ya wakili,
karatasi nene, ya bei, yenye mhuri:
nani achukue jiko, nani ghala,
mizinga saba igawanywe vipi kwa wanawake wawili.

Mikono yake ina baridi yabisi,
haiwezi kushika vyote.
Akashika bilauri. Nikashika barua.
"Polepole. Miguu yake, we Jolita. Usimkate miguu."
Nikapenyeza kipengele cha tatu chini ya ukingo wa kioo,
unywele kwa unywele,
hadi nyuki akainua mguu, akafikiri,
akasimama juu ya jina langu.

Tukatoka hivyo, bega kwa bega,
kama watu waliobeba supu iliyojaa pomoni:
hatua yake, hatua yangu,
kizingiti kikatubana,
hakuna aliyesema samahani, hakuna aliyeachia.

Nje kulikuwa na baridi. Tukaondoa bilauri.
Hakuruka.
Alikaa pale akihema kwa tumbo zima.
Nikasema, nilete asali?
"Asali ya mzinga mwingine ina maradhi yake.
Sukari na maji. Tone."
Nikaleta kwenye ncha ya kijiko.
Akautoa ulimi, uzi mwembamba wa rangi ya chai,
akanywa, na sisi tukachuchumaa,
wajane wawili wa mtu mmoja
(mama naye huwa mjane wa mwanawe, sijui neno lake ni lipi),
tukingoja jua lizunguke pembe ya ghala.

Algis akilewa alimwambia kila mgeni
kuwa neno letu la rafiki limezaliwa na nyuki:
wawili wakimiliki kundi moja
ni ndugu, na ndugu wa aina hiyo hawadaiani.
Nilikuwa nikimwambia, kalale.

Jua lilipofika, nyuki akatetemeka,
akapiga mbawa mara mbili bila kwenda popote,
kisha akaondoka.
Hakwenda kwenye mizinga.
Alivuka ua, chini chini, kushoto.

"Kumbe si wetu," akasema Apolonija.
"Wa Bronius. Wa yule mwizi!"
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Miaka tisa, na sikuwahi kuyaona
meno yake ya chini.

Barua ina doa la sukari kwenye kipengele cha tatu.
Ukiigusa, inanata.
Hatujaitia sahihi.
Wala hatujaitupa.