Uzi Mweupe

Faili lake nililishona mimi, kwa uzi mweusi,
kurasa mia mbili na kumi na moja,
fundo nikalizima kwa lakiri
asije mtu akachomoa ukurasa, au akapachika.
Ndiyo kazi yangu hapa Kishinau:
kesi ikiisha, naishona.

Ya Agafia Ciobotaru iliisha mwaka wa ukame.
Mijozi thelathini na minane ni yake, alisema hakimu wa wilaya,
na rufaa ikasema vivyo hivyo.
Muda wa kupinga ukapita, kimya.
Akanunua ngazi mpya ya kuchumia.

Mwaka wa nne, Mwendesha Mashtaka Mkuu akakumbuka.
Barua yake ilikuwa nusu ukurasa.
Nikafumua. Wazee wa Mahakama ya Juu wakasoma, wakatengua,
“kwa masilahi ya umma.”
Umma ulifika shambani na trekta la shemeji yake meya.

“Juu ya Juu kuna nini?” Agafia alimwuliza wakili wake
koridoni, mbele ya dirisha langu.
Dorin Hâncu alikuwa kijana, koti la kuazima, mikono imempita.
“Kuna Strasbourg. Lakini usiende, mama,
kama apelekaye jembe kwa mhunzi wa pili
kwa kuwa wa kwanza kalipinda.
Hawapimi shamba. Hawaiti mashahidi.
Hawatasema miti ni ya nani.
Watauliza tu: neno lililokwisha,
mliliamsha kwa haki gani?”

“Basi hiyo si mahakama,” akasema, “ni jirani achunguliaye uani.”

“Ni jirani,” akasema Dorin,
“ambaye serikali yetu ilimpa ufunguo wa lango,
ikatia sahihi.”

Miaka sita.
Hapakuwa na kizimba wala joho;
karatasi zilisemezana na karatasi.
Serikali iliandika: *ninyi si daraja la nne,
sheria zetu twazijua wenyewe.*
Wakajibu: kweli, sheria zenu ni zenu.
Sisi twauliza habari ya mlango
uliofungwa mbele ya mashahidi
ukavunjwa kwa nusu ukurasa.

Aya ya thelathini na nne: haki yake imekiukwa.
Fidia, euro elfu mbili na mia tano.
Nilitafuta neno “inatenguliwa.” Halimo.
Ule mkono mrefu tulioambiwa tuuogope
hauna kifutio. Una kidole.

Kwa hiyo faili limerudi kwa wale wale.
Kesi ya ngedere, hakimu nyani,
ila safari hii nyani kashikishwa kioo.
Mmoja wao, aliyeandika “umma” kwa mkono wake,
alilisoma tamko akiwa amesimama, kofia kwapani,
kisha akaniomba maji.
Wiki iliyofuata walitengua walichotengua.
Sitasema walitubu. Walitia sahihi.

Agafia alikuja kuchukua nakala.
Imebaki mijozi kumi na mmoja, alisema,
na ngazi kaiazima mtu, hakuirudisha.
Akauliza kama hilo nalo limeandikwa.
Nikamwambia hapana.

Jioni nikalishona upya, kurasa mia tatu na tisa,
ya Strasbourg katikati, nene kuliko wenzake.
Uzi mweusi umekwisha stoo tangu Januari.
Nimetumia mweupe.
Unaonekana.