Betri Tatu

Nilizinunua sokoni kwa Mlekwa
elfu nne na mia tano, baada ya kuvutana
kama watu wawili na jogoo mmoja.
Boksini picha ya theluji, nyumba ya mbao,
watoto wamevaa soksi mikononi.
"Taa mia, mama," akasema Mlekwa.
Nyumbani nikazihesabu: themanini na tatu.

Betri hazimo. Hilo nalo hakulisema.

Moja nikaitoa kwenye saa ya ukutani,
ikagoma hapo hapo, saa kumi na dakika saba.
Moja kwenye tochi ya akiba ya baba Kalunde,
mlinzi wa ghala la tumbaku.
Ya tatu ilikuwa imelala kabatini miaka,
nikaianika juu ya bati tangu asubuhi
kama mama yangu alivyoanika za redio,
akizigeuza geuza kama dagaa.

Kalunde akazizungusha taa kwenye tawi la msonobari
tulilolisimika katika ndoo ya mchanga.
Akabonyeza.
Nyekundu, kijani, buluu, manjano.
Akakaa chini, akanyamaza,
na mtoto huyu hanyamazi hata akiwa na homa.

Jioni ya tarehe ishirini na nne
Isevya ikazimika
kama utambi uliofinywa kwa vidole vyenye mate.
Dirisha letu peke yake likabaki na maneno.

Ndipo hodi. Hodi ya goti,
maana mikono ilikuwa imejaa vitambaa.
Fundi Sikujua, jirani,
ambaye mtaa mzima humtania:
"Fundi, shati langu lini?" "Sikujua!"
Usiku ule hakuna aliyetania.
Magauni manne, mashati mawili,
moja bado halina mikono,
na wenyewe wanakuja kabla ya misa ya kwanza.
Cherehani yake ni ya miguu, haidai umeme.
Macho ndiyo yanadai.
Mwaka juzi alijaribu mshumaa,
ukadondokea satini ya bibi harusi.

Yeye Krismasi haimhusu.
Inayomhusu ni ahadi.

Nilitazama ukuta. Sikusema kitu.
Kalunde ndiye aliyeinuka,
akaanza kulivua tawi, jani kwa jani,
polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa shati.

Tukazivika cherehani: shingoni, begani,
hadi pale sindano inapouma.
Lakini taa za rangi zina uongo wake.
Uzi mwekundu chini ya buluu ni mweusi,
na kijani huwezi kuapa ni nini.
Kalunde akawa anashika za manjano karibu na kitambaa,
anasema, "Huu, fundi. Hapana, huu."
Mara moja alikosea.
Lipo gauni moja la buluu mjini hapa
lina pindo la uzi wa kijani mpaka leo.

Saa tisa usiku, kwa kukisia tu,
buluu zikatangulia kuzimika.
Kisha kijani, moja ikijivuta nyuma ya nyingine.
Nyekundu zikabaki, kama makaa chini ya majivu,
na mkono wa mwisho wa shati la mwisho
ulishonwa kwa hizo, pua ya fundi
ikikaribia kushonwa pamoja nao.

Misani tulichelewa. Saa yetu ilikuwa bado saa kumi.
Kalunde hakuimba. Alikuwa anakagua mapindo.

Jioni Sikujua akazirudisha,
amezisokota kwenye kibao cha uzi,
na betri tatu mpya ndani ya bahasha ya barua.
"Idd nitakuja kuziazima," akasema,
"safari hii kwa mapambo."

Nilipozikunjua nikakuta, katikati,
uzi mwekundu umejifunga kwenye waya.
Nikachukua mkasi.
"Uache," akasema Kalunde.
Nikauacha.

Saa ya ukutani bado haijapata betri yake.
Kila nikiipita najiambia kesho.