Daftari la Kina

Barua zake nilizichapa mimi,
miaka kumi na tisa,
kwa mashine iliyong'oka herufi R.
Ndiyo maana jina lake, Rusimbi,
katika kila barua iliyotoka Kigoma
lilianza kwa mkono wangu, kwa wino.

Mji ulimwita Bwana Michezo:
mwenye funguo za uwanja, pampu, na mipira minne,
aliyekaa hadi usiku kuamua kesi ya Mwanga na Ujiji
juu ya goli lililopita kwenye tundu la wavu.
Mimi nilijua kovu,
nyuma ya sikio la kushoto, jembamba kama uzi.

"La winchi hilo," aliniambia siku ya mvua,
chai ikipoa.
Alikuwa kuli wa magunia pale bandarini.
Wenzake waliruka miguu mbele, wamebana pua,
kama watu wanaoshuka ngazi gizani.
Yeye akapanda hadi shingo ya winchi,
akakunja kiuno angani, akajinyoosha,
akatanguliza kichwa, mikono kaisahau.
Ziwa likafunguka, likajifunga.
Wapakuzi wakapiga makofi kwenye magunia, vumbi tupu.
Bwana bandari akamkata shilingi tatu.

Mwaka uliofuata wakampeleka Kampala, kwenye mashindano.
Hakuwa amewahi kukanyaga ubao unaonesa.
Ukamrusha kama mwenye nyumba anayemfukuza mgeni.
Walikuwa wanane; akawa wa nane.
Akarudi kwa meli hadi Mwanza, kisha treni,
akalala kwenye benchi la stesheni Tabora
na kitambaa cha namba kifuani, hajakivua.

Akapewa meza. Akapewa mhuri.
Na kila bajeti, chini kabisa, baada ya jezi na chokaa,
alinisomea, nami nikachapa:
*ubao mmoja wa kuchupia, na ngazi yake.*
Kila mwaka mstari mwekundu.
Mwaka mmoja, hakuna mstari! Tukangoja.
Lori likaleta ubao kweli,
mweusi, wa darasani, na boksi la chaki.
Alicheka mpaka akafuta macho kwa ratiba ya netiboli.
Kisha akautundika, akaandika:
*Jumamosi, saa kumi, Reli na Bandari.*

Hayo yamo kwenye mafaili.
Daftari halimo.
Kila Jumapili ya kiangazi alikwenda Bangwe
na kamba ya mafundo na jiwe la mizani,
akateremsha penye mwamba wanapochupia watoto.
*Pima tatu na mikono miwili.*
*Pima tatu.*
*Pima mbili na nusu, nimewafukuza.*
Ukurasa wa kwanza una jina moja, Ntakije,
umri wake, miaka kumi na mmoja,
na pale penye kina hakuandika kitu.
Sikumuuliza. Alijua nimeusoma.

Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani
na hotuba iliyosema alipenda sana mpira.
Aliitikia kwa kichwa;
sikio lile lilishakufa, nadhani hakusikia.

Sasa ziwa limepanda.
Limekula njia ya wachuuzi wa migebuka,
limeuzamisha mwamba wake;
watoto wanachupia jiwe la juu.
Mtoto wake aliniletea daftari kwenye mfuko wa sukari,
bila maelezo, kamba ikiwa ndani.

Mimi kuogelea sijui.
Jumapili nilivua viatu, nikakaa ukingoni,
nikashusha jiwe, nikahesabu mafundo,
miwani ikiniteleza.
"Bibi, unavua nini bila ndoano?"
Walikuwa watano, wanatetemeka, wanameta.

Nikaandika kwanza, wino usije ukakauka.
"Pima nne kasoro," nikawaambia.
"Tangulizeni mikono."